Choo cha kuvuta kiliongezaje kipindupindu London?

Wakuu, naandaa mada ya afya ya mazingira hapa Dodoma. Choo cha kuvuta ni safi kuliko shimo. Sasa ilikuwaje London enzi za Malkia Victoria kikazidisha ugonjwa?

Jibu 1
Mkuu, kosa si choo, ni maji yanakoishia. Mashimo ya choo ya tofali ya London yalijengwa kupokea kinyesi kinachozolewa usiku. Ukimwagia maji kila mara, yanafurika na kuvuja. Pale mtaa wa Broad Street, London, 1854, shimo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, tofali zimelegea. Dkt. John Snow, daktari aliyehusisha kipindupindu na maji hayo, akashauri mkono wa pampu ya kisima hicho ung'olewe. Waliounganisha vyoo kwenye mitaro nao walipeleka uchafu mto Thames, ambao kampuni za maji zilichota humohumo! Kampuni ya maji ya Lambeth ilihamishia sehemu yake ya kuchotea maji upande wa juu wa mto, kabla ya uchafu wa jiji, mwaka 1852. Wateja wake wakafa wachache mno kuliko wa kampuni jirani iliyobaki kuchota maji machafu.

Jibu 2
Nyongeza: mitaro ya Joseph Bazalgette, mhandisi aliyeijengea London mfumo wa majitaka baadaye, mingi ilikuwa na umbo la yai, ncha nyembamba chini. Maji machache yakibanwa pale yanakimbia, mchanga hautuami.

Jibu 3
Kanuni ni ileile hapa kwetu. Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kila mita, na kila kona iwe na chemba. Choo cha wageni kisichotumika, kiangazi cha Dodoma hukausha maji ya shingoni (yale yanayobaki kwenye kona ya choo kuzuia harufu) na harufu inapanda. Mwagia lita moja kila wiki.