Kaikanyaga bikoni na moka, eti "hii imehama"!

Tripodi Tatu: Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mnamjua, yule mpimaji ardhi wa droni na koti la kung'aa, simtaji. Leo mbele ya mjumbe na wazee wa mtaa kaikanyaga bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, kwa moka yake, akatamka: "Hii imehama." Bikoni! Chuma cha milimita 12 ndani ya zege, kipo hapo tangu enzi za Nuhu. Imehamia wapi, imeenda kusalimia shangazi?

Droni yenyewe haina RTK, ule usahihishaji wa GPS papo hapo, na chini hakuweka hata alama moja ya chokaa ya kufungia picha. GPS ya aina hiyo hukosea mita kadhaa! Mpaka kauchora kwenye ukingo wa bati, wakati bati limetokeza sentimita 60 nje ya ukuta. Halafu anakanyaga bikoni. Na moka!

Prizma Mbovu: Pole mkuu, lakini nyie wa total station, mashine ya kupimia pembe na umbali, kila kona ya uchochoro mnahamisha tripodi. Urasimishaji wa mtaa mzima mtaumaliza lini? Weka alama tano hizo chini, nne pembeni na moja katikati, uzipime kwa RTK. Nyingine tatu ziache za kukagulia, usizitumie kuchakata. Picha zipishane asilimia 80 mbele, 70 kando. Makosa yanashuka hadi sentimita chache. Mbovu ni jamaa, si droni.

Tripodi Tatu: Na bikoni iliyo chini ya mwembe inaiona?

Prizma Mbovu: Haioni. Hapo ndipo tunakuita wewe na ngazi yako ya kukatia matawi 😂

Mzee wa Traversi: Afadhali huyo. Kuna wanaochanganya mifumo ya koordineti, Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS 84 ya GPS, kiwanja kinasogea takriban mita 300, hati inasoma kwenye kiwanja cha watu.

Kalavati: Kimo je? Mtaro unachorwa kwa kimo cha elipsoidi, kile cha GPS, kalavati kwa kimo cha benchimaki, kile cha kutoka usawa wa bahari. Kwa Dar tofauti inapita mita 20. Maji yapande lifti?

Tripodi Tatu: Jamani, KAIKANYAGA.

Mshika Prizma: Tumesikia. Sisi tunaoshinda juani na fimbo ya prizma, kioo cha kulengwa na total station, posho yetu nani anaiandikia uzi?

Kalavati: Na wanaong'oa bikoni wakauze chuma chakavu? Hao ndio wanaohamisha kweli.

Mshika Prizma: Kwani kilo sasa hivi shilingi ngapi?