Sura kufungulia benki: iwe hiari au lazima?

Haya wanamombasa, benki zikitaka tuingie kwenye akaunti kwa sura badala ya pini mwaonaje? Mimi sikatai, ila iwe hiari. Pini ikijulikana naibadilisha leo leo, sura ikivuja naipeleka wapi? Halafu watu wanachanganya vitu viwili. Ile Face ID ya iPhone, iliyotoka 2017, vipimo vya uso vinakaa ndani ya simu yenyewe, benki inaambiwa tu ni yeye. Lakini ile ya piga selfi, pepesa macho, geuza shingo, picha yaweza kwenda mpaka seva ya benki ama ya kampuni waliyoipa kazi, na hapo ndo nataka kujua inawekwa miaka mingapi na nani anaiona. Sheria yetu ya data ya 2019 inahesabu vipimo vya mwili kuwa data nyeti, lakini masharti yenyewe ni kizungu kirefu, mtu anabonyeza nakubali yaishe.

— Yakhe wewe hujaibiwa bado. Tapeli akisajili upya laini yako, zile namba za siri za meseji zaingia kwake, unaamka akaunti nyeupe. Na pini za watu ni mwaka wa kuzaliwa! Sura hawawezi kukupigia simu wakakuomba.

— Na sisi wa nikabu je? Niko kwa foleni ya feri Likoni nataka kutuma pesa, nifunue uso mbele ya kaumu yote ile? Nyanya yangu ndo kabisa, ana kabambe, ile simu ya vibonyezo.

Huyo dada amenena. Na wewe wa laini, kweli meseji si salama, lakini usidhani kila simu ni iPhone, hizi za bei ya chini nyingi zinasoma uso kwa kamera ya kawaida tu na kuna zilizofunguka kwa picha ya mwenyewe. Tena tushasahau Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya mtandaoni? Watu walipanga foleni wakapigwa picha za macho kwa ahadi ya pesa, Agosti 2023 serikali ikasimamisha, mpaka 2025 ndo Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Karibu miaka miwili! Kwangu mimi pini ibaki, anayependa sura aongeze, na pesa nyingi zikitoka viulizwe vyote viwili. Kuna mtu benki yake ishamlazimisha?