Naomba ushauri: riwaya ya Wells tuifuate hadi mwisho, au tuubadilishe?

Assalaam alaykum jamani, wakubwa shikamooni.

Sisi ni vijana sita wa Jambiani. Tunatengeneza filamu fupi kwa simu kutokana na The War of the Worlds, riwaya ya H.G. Wells ya 1898. Kitabuni viumbe wa Mirihi wanashuka karibu na Woking, Uingereza. Sisi tunataka washuke pwani kwetu, maji yamekupwa, kinamama wako kwenye mwani. Mashine yao ya miguu mitatu tumeiunda kwa boriti za mikoko na mabati. Juzi mguu mmoja ulididimia mchangani, kinamama wakacheka mpaka tukaahirisha.

Mahali hatugombani. Filamu ya 1953 iliwashusha California, ya 2005 ikaanzia New Jersey, na hadithi ikabaki ile ile. Ugomvi ni mwisho: kwa Wells wanauliwa na vijidudu vya maradhi, mizinga imeshashindwa. Mwenzetu mmoja (ndiye mwenye simu nzuri, basi ana sauti) anataka wavuvi ndio wawashinde. Mimi naona hapo tutakuwa tumebakisha jina tu. Tumepiga kura, tatu kwa tatu. Mwalimu wetu wa skuli naye kasema tuamue wenyewe.

Naomba mnisaidie: mwisho ukibadilika, bado ni haki kuandika "kutokana na riwaya ya Wells"? Na tukiubakisha, vijidudu tuvionyesheje kwa simu bila msimulizi kueleza?