Trekta la Massey Ferguson (MF) 135: ekzosi ya juu au ya chini?

mkulima_kimya: Wakuu, sailensa ya MF 135 yangu imeoza inapiga kelele balaa, nataka kufunga mpya, sasa nipandishe bomba juu ya boneti au lipite chini kama zamani? Huwa napita pia katikati ya miti ya matunda.

spana17: Juu mkuu, chini nyasi kavu zinashika moto. Ila weka kile kifuniko cha bawaba, mvua ikiingia maji yanashuka mpaka kwenye valvu, kutu hiyo.

fundi_grisi: Kwenye miti litang'olewa na matawi hilo. Pitisha chini, uwe unatoa nyasi zinazonasa. Na bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la menifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini), injini itakabwa.

mkulima_kimya: Poa, chini basi. Gasketi ya zamani, ile ya kuziba kwenye maungio, inarudi?

fundi_grisi: Weka mpya, ikishakandamizwa haizibi tena.