Tupeane uzoefu: mila na miiko ya ajabu uliyokulia nayo

Wakuu, salaam. Nimezaliwa kambini Jinja, Uganda. Baba alikuwa mwanajeshi, Mwacholi. Mama ni Muganda wa Masaka. Kiswahili kikawa cha nyumbani maana ndicho walichokutana nacho. Nina majina mawili na yote yanasema jambo moja: kwa mama ni Kizza, kwa baba ni Okello. Yaani niliyezaliwa baada ya mapacha. Kaka zangu ni Wasswa na Kato upande mmoja, Opio na Ocen upande wa pili. Wenzetu wa Tanzania wenye akina Kulwa na Doto watanielewa, mimi ndiye Shija.

Mapacha walipozaliwa, bibi alifunga safari kutoka Masaka. Kwa Baganda wazazi wa pacha hawaitwi tena majina yao, ni Ssalongo na Nnalongo, na watoto lazima waalulwe, ibada yao ifanywe, la sivyo wanaaminika "kuunguza": mtu anatokwa na vidonda mwilini. Baba hakuamini, lakini aliogopa kubisha. Usiku ule wanawake waliimba nyimbo zenye matusi ya nguoni, wazi kabisa. Na kumbuka, kwa Baganda mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani wala kukaa pamoja. Siku zote bibi alizungumza na baba akiwa nyuma ya mlango. Lakini kwenye ibada ya pacha yale yanayokatazwa mwaka mzima yanaruhusiwa. Mama anasema ndiyo mara pekee alimsikia bibi akicheka mbele ya mkwe wake.

Leteni ya kwenu. Nataka mliyoyaona kwa macho au kusimuliwa na wazazi.

Dada wa Masaka:
Kwetu ni kuku. Zamani mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala mayai. Bibi yangu alifuga kuku maisha yake yote, akawapikia wageni, akamwekea babu firigisi, yeye akabaki na matooke na mchuzi wa karanga. Nilipokuwa mjamzito nikamwambia bibi kwamba daktari amesema nile mayai. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanichemshia mawili mwenyewe. Hakuyaonja. Inaniuma mpaka leo nikifikiria mimba zote alizobeba bila yai moja.

Mwenye mada:
Pole dada, hii imenigusa. Kuku wana historia nzito, sio kwetu tu. Warumi walikuwa na kuku watakatifu jeshini. Kabla ya vita wanatupiwa nafaka, wakila kwa pupa ni dalili njema. Mwaka 249 kabla ya Kristo, jemadari Publius Claudius Pulcher aliona kuku hawataki kula, inasimuliwa akawatupa baharini akisema basi wanywe. Akashindwa vibaya na meli za Carthage pale Drepana, kisiwani Sicily.

Ndugu wa Gulu:
Mimi ni kukanyaga yai, ibada ya Waacholi ya kumpokea aliyerudi nyumbani, nyono tong gweno. Binamu yangu alitekwa na waasi akapelekwa msituni akiwa mdogo, akarudi kijana. Hakuingia nyumbani moja kwa moja. Mlangoni pa uani waliweka yai bichi, tawi la opobo lenye utelezi, na layibi, ule mti wa kuinulia paa la ghala. Alikanyaga yai likapasuka, akaruka layibi. Wazee walituambia yai ni safi, halijui ubaya, na layibi ni kumwambia chakula cha nyumba hii ni chako tena. Mtu akiita hili ushirikina namheshimu, lakini mimi nilimwona shangazi yangu alivyomshika mkono baada ya pale. Kabla ya hapo alikuwa anamwogopa mwanawe.

Mdau wa Mbale:
Kwetu ni imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, miaka shufwa, Agosti, inafunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto. Kijana anasimama bila kupepesa macho, kapakwa unga wa mtama na tope. Nilisimama. Siku hizi kila mmoja na kisu chake, hilo nalisifu.

Mwenye mada:
Asanteni sana. Ndugu wa Gulu, nimesoma yako mara tatu.

Nirudi kwa pacha. Kule Calabar, Nigeria, mapacha waliwahi kuhesabiwa laana, wakaachwa porini wafe na mama yao kufukuzwa. Mmisionari Mary Slessor aliyefika huko mwaka 1876 alikuwa akiwaokota na kuwalea. Nikiwatazama kaka zangu nashukuru walizaliwa Jinja, kwa mama ambaye watu wanampa heshima sokoni wakisikia tu ni Nnalongo.

Sasa nina swali. Mama bado ametunza vitovu vyao viwili vilivyokauka, vimefungwa ndani ya kitambaa cha gome. Amezeeka, na juzi ameniuliza nani atavichukua. Wasswa ameokoka, anasema vichomwe. Kato yuko mbali. Wenye pacha nyumbani, kwenu vilirithiwa na nani?