Rangi inabanduka ukumbini, nyumba ya bibi Mji Mkongwe. Nifanyeje?

MjukuuWaMalindi
Assalam alaykum jamani. Mwaka jana nilihamia nyumba ya marehemu bibi, Malindi, Unguja. Ukumbi una zidaka 12, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, nikataka uwe wa kisasa. Fundi akaziba palipochimbika kwa plasta ya saruji, akapaka rangi ya mafuta, kijivu kilichokolea. Ulipendeza, mashosti wakaja kupigia picha za Idi.

Imepita masika moja tu, rangi imetoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Ukilitumbua moja unatoka unga mweupe. Nimeuonja (msinicheke), ni chumvi. Kabati nililoliegemeza hapo limeota ukungu mgongoni, doti mbili za kanga zimeharibika. Fundi yuleyule anataka laki nne akwangue, apake tena na dawa ya kuzuia maji juu. Nimpe?

Mtoto_wa_Sinza
Dada funika ukuta wote kwa jipsam, weka taa za ukanda. Kesi imekwisha.

MzeeChokaa
Huyo wa Sinza msamehe. Mwanangu, laki nne yako iweke kwanza.

Nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene nusu mita, na chini hakuna kitu cha kuyazuia maji ya ardhi. Ukuta unayavuta kama utambi wa koroboi, kisha unayatoa taratibu kupitia chokaa. Wewe umeuziba kwa saruji na mafuta. Maji hayana pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya rangi, inaisukuma mpaka inaachia. Ukiongeza na hiyo dawa, unyevu utapanda juu zaidi. Ukifika kwenye vichwa vya boriti vikaanza kuoza, hapo hatuzungumzi tena habari ya rangi.

Panda juu kwanza uangalie mfereji wa mvua. Halafu bandua rangi na saruji kwa patasi, pole pole, matumbawe ni laini. Acha ukuta wazi kiangazi kizima. Chumvi itakayotoka ifute kwa brashi kavu uitupe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Plasta iwe chokaa 1, mchanga 3, na mchanga usiwe wa pwani. Irushie maji kila siku isikauke kwa haraka. Mwisho ndiyo chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukutani pakiwa na unyevu. Ukitaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito itapasuka yote. Na vaa miwani. Mimi tone moja jichoni lilinilaza siku tatu.

Ukigusa upande wa nje, pita kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, hujengi unavyotaka.

BintiMvita
Mzee kamaliza ya ukuta, mimi naongeza ya mapambo. Kijivu kwenye chumba kile hata kisingebanduka kingekuonea. Vyumba vyetu vya kizamani ni vyembamba, upana wake ni urefu wa boriti, kama mita 3 tu. Ukikipaka rangi nzito unakaa ndani ya treni. Rudisha weupe. Ukiona ni kama hospitali, tia rangi ya unga ya udongo kidogo kwenye chokaa, itoke kama maziwa ya chai.

Zidaka usizijaze zote shoga yangu! Mimi nina tisa: sahani mbili za kaure, chetezo, marashi ya mama, basi. Zilizobaki tupu, kivuli chake cha saa kumi jioni kinatosha. Na kabati livute shubiri nzima kutoka ukutani.

MjukuuWaMalindi
Nimepanda leo asubuhi. Mfereji umejaa majani ya mwarobaini na kiatu cha mtoto, maji yote yanashukia nyuma ya ukumbi. Fundi nimemwambia asije. Mzee, chokaa nikishailoweka naiacha siku ngapi?

MzeeChokaa
Wiki mbili usiiguse, mwezi ndiyo bora. Maji yaifunike muda wote. Na watoto wasikaribie pipa.