Mjadala: Tuache kuwapamba Wadonati

Wakuu, kila tukigusa historia ya kanisa la Afrika Kaskazini, hakosi mtu wa kusema kwamba Wadonati, kundi la Wakristo lililojitenga na Kanisa Katoliki katika karne ya nne, ndio waliokuwa Waafrika halisi, waliolikataa kanisa la mkoloni wa Kirumi, na kwamba Agostino, askofu Mkatoliki aliyewapinga, alikuwa kibaraka tu. Nimechoka kuisikia. Napinga, halafu nishambulieni.

Kwa asiyekijua kisa: mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Baadhi ya viongozi wa kanisa wakasalimisha vitabu ili wapone. Dhoruba ilipotulia, Caecilianus akawekwa wakfu kuwa askofu wa Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi (leo Tunisia). Mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, akatuhumiwa kwamba naye alisalimisha. Maaskofu wa jimbo jirani la Numidia wakaja juu: msaliti hawezi kumpa mtu uaskofu! Wakamweka wa kwao, Majorinus, na baada yake Donatus, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Kanisa likapasuka kwa zaidi ya miaka 100, mji mmoja maaskofu wawili, na aliyehamia kwao alibatizwa upya. (Na msijifanye hamlijui hilo. Nani hapa hana ndugu aliyeambiwa ubatizo wake wa maji machache si kitu, arudie kwa maji mengi?)

Sasa tuuangalie huo usafi waliojivunia, kwamba wao hawakusaliti. Kuna kumbukumbu ya Mei 303 kutoka Cirta, mji ambao leo unaitwa Constantine, kule Algeria. Wakubwa wa mji wanaingia kwenye nyumba ya ibada na karani anaorodhesha mali: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, sufuria ya fedha, kanzu za kike 82, viatu vya kike jozi 47. Viatu! Nadhani ndiyo ilikuwa stoo ya kuwavika maskini. Baadaye kidogo anatokea shemasi mdogo, Silvanus, na mwenzake, wamebeba kasha la fedha na taa ya fedha. Eti vilikuwa nyuma ya mtungi. Mmoja wa waliokuwepo akamwambia: usingeviona hivyo, ungekuwa maiti.

Silvanus huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Wadonati hapo Cirta. Siri ilifichuka mwaka 320 mbele ya gavana Zenophilus, baada ya Silvanus kukosana na shemasi wake mwenyewe. Felix je, aliyesababisha ugomvi wote? Alichunguzwa, akaonekana hana hatia.

Halafu kuna ile kauli ya Donatus inayopendwa sana: Kaisari ana nini na kanisa? Tamu kweli. Ila mwaka 313 waliomwandikia Kaisari Konstantino wakiomba waamuliwe ni upande huohuo wa Donatus. Wakashindwa Roma, wakashindwa Arles (leo Ufaransa) mwaka 314, wakashindwa mbele ya Kaisari mwenyewe. Baada ya hapo ndipo Kaisari akageuka mgeni asiyehusika.

Na huo Uafrika? Agostino alizaliwa Thagaste, leo Souk Ahras, Algeria. Caecilianus naye ni wa Afrika hiyohiyo. Nakubali Wadonati walikuwa na nguvu sana mashambani Numidia, na wakulima walikuwa na sababu za kumchukia mkusanya kodi. Lakini waliogombana hapa ni Waafrika kwa Waafrika.

Kwenye kutumia nguvu za dola dhidi ya Wadonati simtetei Agostino. Mwanzoni alitaka hoja tu. Akabadilika alipoona mji wake wa kuzaliwa umerudi Ukatoliki kwa kuogopa sheria za makaisari, akalishika lile neno la Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani." Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 270 kila upande walikutanishwa Karthago mbele ya Marcellinus, mjumbe wa Kaisari. Wadonati walikataa hata viti: Zaburi imekataza kuketi na waovu. Wakasimama. Wakahukumiwa, na mwaka uliofuata zikaja faini kulingana na hadhi ya mtu, makanisa yao yakachukuliwa, wakulima wa mashamba ya mabwana wakawa wa kuchapwa. Ni doa, na halifutiki kwa kusema upande wa pili nao ulikuwa na vijana wenye marungu waliyoyaita "Israeli", ingawa ulikuwa nao.

Ila hoja ya Agostino ya ubatizo sijaona aliyeijibu: akibatiza Petro, abatizaye ni Kristo, akibatiza Yuda, abatizaye ni Kristo. Kwa hiyo nawauliza mnaowatetea Wadonati, na tafadhali msinijibu kwa habari za ukoloni. Kama mkono wa msaliti unabatilisha sakramenti, wale wote waliobatizwa na Silvanus pale Cirta kabla ya mwaka 320 walikuwa wamebatizwa, au walikuwa wamelowa tu?